Wakisti wa Bonde la Pankisi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukitaja Milima ya Kaukazi, mazungumzo hukimbilia vita. Watu wenyewe hubaki nyuma, hasa yale makabila madogo ambayo hata majirani zao huyachanganya. Ukurasa huu unawahusu Wakisti, Waislamu wachache wa bonde la Pankisi nchini Georgia, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Wakristo wa Kiorthodoksi. Nimewachagua wao kwa sababu kwao mila ya mlimani, dini na sheria ya serikali vinakaa nyumba moja, na mara nyingi vinagombana humo humo.

Wakisti ni nani hasa?

Ni ndugu wa Wachecheni na Waingushi, kwa damu na kwa lugha. Mababu zao waliishi upande wa kaskazini wa safu ya milima, kwenye ardhi ambayo leo iko chini ya Urusi. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 19 familia zilianza kuvuka vipito vya mlimani na kushukia Pankisi. Kila aliyekuja alikuwa na lake: kuna waliokimbia kisasi cha damu, kuna waliotafuta mashamba kwa kuwa kwao mawe yalizidi udongo, na kuna waliochoshwa na vita kati ya majeshi ya Tsar, mfalme wa Urusi, na wapiganaji wa Imam Shamil. Wazee husimulia kwamba kundi la mwanzo liliongozwa na mtu aliyeitwa Dui, na kijiji kikubwa cha bonde, Duisi, kina jina lake mpaka leo.

Sensa ya Georgia ya mwaka 2014 iliwahesabu 5,697. Kata moja tu ya Tanzania inaweza kuwa na watu wengi kuliko hao.

Ukisoma majina yao utadhani ni Wageorgia: Margoshvili, Achishvili, Khangoshvili. Hiyo "-shvili" ya mwisho ni ya Kigeorgia. Nyumbani, hata hivyo, kila mtu anaujua ukoo wake wa asili, unaoitwa teip, na akikutana na Mchecheni kutoka Grozny, mji mkuu wa Chechnya, huo ndio atakaoutaja kwanza.

Pankisi iko wapi?

Kaskazini mashariki mwa Georgia, wilaya ya Akhmeta, mkoa wa Kakheti, kandokando ya mto Alazani sehemu za juu. Ni bonde fupi, unalimaliza kwa gari kabla hujaanza kuchoka. Vijiji vya Wakisti vimefuatana: Duisi, Jokolo, Birkiani, Omalo, Dzibakhevi na vingine vidogo. Juu yake kuna hifadhi ya Batsara, yenye msitu wa kale wa miti ya jamii ya myuu (yew) ambayo kwingine mingi imekwisha kukatwa.

Angalizo moja kwa wasafiri: kuna Omalo mbili. Moja ni hii ya Pankisi, nyingine iko Tusheti, ng'ambo ya mlima, barabara ya kutisha inayofungwa na theluji zaidi ya nusu ya mwaka. Ukimwambia dereva "Omalo" bila kufafanua, shauri yako.

Wanazungumza lugha gani?

Nyumbani Kichecheni cha lafudhi yao, shuleni na ofisini Kigeorgia. Karibu kila mtu ana lugha hizo mbili, na wazee wengi wana Kirusi pia. Kwa muda mrefu watoto walijifunza kusoma kwa Kigeorgia peke yake, kwa hiyo kuna watu wazima wanaokiongea Kichecheni vizuri kabisa lakini hawajawahi kukiandika. Miaka ya karibuni shule zimeanza kukifundisha kama somo.

Msomaji wa Kiswahili atakipendea jambo moja: kina ngeli. Nomino zimegawanyika katika makundi sita, na baadhi ya vitenzi na vivumishi hubadilisha herufi ya mwanzo kufuata kundi la nomino. Mwanamume akifika mlangoni husalimiwa "marsha voghiyla", mwanamke "marsha yoghiyla". Mzungu huhangaika sana na hilo. Sisi tuliokua na "mtoto mzuri, kitabu kizuri" tunaelewa mara moja mchezo wenyewe, ingawa sheria zake ni nyingine.

Ni Waislamu wa namna gani?

Wasunni. Lakini njia waliyopita kufika hapo ina kona nyingi, na anayedhani Uislamu wa Pankisi ni kitu kimoja cha tangu enzi na enzi atakosea.

Waliofika mwanzo walikuja na Uislamu uliochanganyika na imani za mlimani: mahali patakatifu, miti na mawe ya kuheshimiwa, siku za kuchinja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wamisionari wa Kiorthodoksi, wakiungwa mkono na serikali ya Tsar, walibatiza Wakisti wengi, na Jokolo ilipata kanisa. Kuna familia zilizobaki Wakristo kwa vizazi, na kuna zilizorudi kwenye Uislamu. Kwa muda mrefu halikuwa jambo la ajabu kumkuta Mkisti Mwislamu kwenye sherehe ya Alaverdoba, mwezi Septemba, katika kanisa kuu la Alaverdi lililo bondeni chini. Wengine waliwasha mshumaa, wengine walikwenda kwa ajili ya soko na kuonana na jamaa.

Msikiti wa zamani wa Duisi ulikamilika mwaka 1902. Mwaka 1909 akaja kutoka Azerbaijan sheikh aitwaye Isa Efendi, wa tarika ya Kisufi ya Naqshbandiyya, akafundisha na kupata wafuasi wengi. Kutoka ng'ambo ya mlima ikaingia pia tarika ya Qadiriyya, kwa mkondo wa Kunta-Haji, sheikh wa Kichecheni aliyewahubiria watu wake waache vita visivyo na mwisho na washike tasbihi. Serikali ya Tsar ilimwogopa hata akihubiri amani. Ilimkamata mwaka 1864, wafuasi waliokusanyika Shali kumdai wakapigwa risasi, naye akafia uhamishoni mwaka 1867.

Wakati wa utawala wa Kisovieti ibada ya hadharani ilibanwa. Ikahamia majumbani, na majumbani wenye nyumba walikuwa wanawake.

Zikri ya wanawake ikoje?

Hili ndilo swali linalowaleta wageni wengi Duisi, na linastahili.

Kila Ijumaa adhuhuri, kikundi cha wanawake, wengi wao bibi wenye wajukuu, hukutana katika msikiti wa zamani. Wamevaa nguo ndefu na vilemba. Huanza wameketi kwa mduara, wakiimba kaswida polepole, nyingine kwa Kiarabu, nyingine kwa Kichecheni. Kisha "la ilaha illallah" inashika kasi. Makofi yanaingia, miguu inapiga sakafu ya mbao, wanasimama na kuanza kuzunguka kinyume cha saa, kwanza kwa kutembea, halafu kwa mwendo wa karibu kukimbia. Sauti zinapanda na kuwa nzito, kisha mmoja anazishusha na wote wanarudi kukaa. Huombea wagonjwa, marehemu na amani.

Wageni huruhusiwa kukaa pembeni, mwanamke akiwa amejifunika kichwa. Baadhi ya wanawake wa bonde wamepeleka uimbaji wao nje ya nchi kupitia kikundi kiitwacho Aznash Laaman, na hilo nalo limezua maneno: kuna wanaoona ni fahari, kuna wanaouliza tangu lini ibada ikapanda jukwaani.

Mimi naona jambo kubwa liko kwingine. Kaukazi ni mahali ambapo mwanamume ndiye anayesema mbele ya watu. Hapa kuna kundi la wanawake wasio na cheo cha serikali wala shahada ya dini, nao ndio walioshika uzi wa ibada wakati msikiti haukuwa na imamu. Ni vigumu kuwaambia sasa kwamba hawana la kusema.

Je, Qadiriyya hiyo ni ile ile ya pwani yetu?

Shina ni moja, matawi mbalimbali. Silsila zote mbili, yaani minyororo ya masheikh, zinarudi kwa Sheikh Abdul-Qadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Tawi la Kaukazi lilipita kwa Kunta-Haji. Kwetu tawi kubwa lilipita kwa Sheikh Uways wa Barawa, aliyefika Zanzibar katika miaka ya 1880, na Bagamoyo ikawa kituo kikubwa chini ya Sheikh Yahya bin Abdallah, yule anayejulikana kama Sheikh Ramiya. Aliyewahi kusimama kwenye zikri ya ziara ya Bagamoyo, akasikia pumzi za watu zikipanda na kushuka pamoja, hatahitaji mkalimani Duisi. Atakachoshangaa ni kwamba duara lote ni la wanawake.

Na hata hilo si geni kabisa. Mwanamke wa Zanzibar, Mtumwa binti Ali bin Yusuf, ndiye anayetajwa kuipeleka Qadiriyya Nyasaland, Malawi ya leo, mwishoni mwa miaka ya 1920.

Kwa nini Duisi ina misikiti miwili?

Kwa sababu ina fikra mbili. Baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, na hasa baada ya wakimbizi wa Chechnya kuingia bondeni mwaka 1999, vijana walikutana na mafundisho ya Kisalafi kupitia walimu wa nje, vitabu na misaada. Msikiti mpya wa matofali ukajengwa, na leo vijana wengi husali huko. Kwao zikri ya makofi ni bidaa, yaani uzushi katika dini, maulidi ni bidaa, kuzuru makaburi ni bidaa. Wazee nao huuliza: huyu aliyezaliwa juzi anamfundisha bibi yake dini?

Msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji maelezo zaidi, mabishano haya anayajua kwa moyo. Tofauti ni kwamba Pankisi mabishano yanapita katikati ya sebule. Mama anakwenda msikiti wa zamani Ijumaa, mwanawe msikiti mpya, na chakula cha mchana wanakula pamoja. Mgawanyiko upo, lakini ujamaa wa ukoo umeuzuia usigeuke uadui, angalau mpaka sasa. Vijana hao hao ndio pia waliosababisha ulevi upungue na swala tano zijae, na wazee wengi wanakiri hilo kwa nusu mdomo.

Wanakula nini?

Chakula cha heshima ni zhizhig-galnash: nyama ya kondoo au ng'ombe iliyochemshwa, vipande vya unga uliokandwa na kupikwa ndani ya supu ile ile, na mchuzi wa kitunguu saumu kilichopondwa. Supu yenyewe hunywewa kando, kwenye bakuli. Kuna chepalgash, mikate myembamba iliyotiwa jibini laini ndani na kupakwa siagi juu. Kuna siskal, mkate wa mahindi. Na kwa kuwa wamekaa na Wageorgia miaka karibu mia mbili, khinkali, vifuko vya unga vya kuchemsha, zimeingia jikoni, ila mara nyingi ndani yake badala ya nyama utakuta upupu wa porini uliochemshwa mpaka ukaacha kuwasha. Usikatae kabla hujaonja.

Nguruwe haliwi. Pombe kwa mila haitakiwi, na mezani hupewi, jambo ambalo ni la kipekee kwa sababu Kakheti ndiyo nchi ya mizabibu na divai, na jirani wa Kigeorgia hawezi kukaribisha mgeni bila gudulia. Wakisti wana "bia" yao isiyolevya, inayopikwa kwa hopi na matunda ya waridi mwitu. Ina uchungu kidogo na utamu kidogo.

Mgeni hupokewaje?

Kupita kiasi. Mgeni akiingia nyumbani yuko chini ya ulinzi wa mwenye nyumba, awe ni nani na ametoka wapi. Zamani hata aliyekimbia kisasi, akiweza kuvuka kizingiti cha mtu, alisalimika kwa muda aliokuwa ndani. Mwaka 1999, vita vya pili vya Chechnya vilipoanza, wakimbizi wapatao 7,000 waliingia katika bonde ambalo wenyeji wake wenyewe hawakuwa wengi kuliko hapo. Mashirika yalikuja baadaye. Usiku ule wa kwanza watu walilala kwenye vyumba vya Wakisti, nyumba moja familia mbili tatu.

Harusi zao zikoje?

Kwanza kabisa, unaoa nani. Ndani ya ukoo wako hairuhusiwi, hata kama undugu wenyewe unahesabiwa vizazi vingi nyuma, na ukoo wa mama nao unachunguzwa. Binamu kuoana, jambo la kawaida kwa Waislamu wengi pwani na Arabuni, Pankisi ni aibu kubwa. Hapa mila imeishinda ruhusa ya sheria ya dini bila kelele.

Siku ya harusi bi harusi huletwa nyumbani kwa mume na kusimamishwa kwenye kona ya chumba, kichwa kimeinamishwa, shela usoni. Hasemi. Wageni huja kumtazama, kumsifia na kumtania wakijaribu kumchekesha. Na bwana harusi je? Hayupo. Amejificha kwa rafiki au jirani, kwa sababu ni utovu wa adabu mwanamume kujionyesha mbele ya wazee siku ambayo kila mtu anajua anaoa. Baadaye hufanyika tendo la kumfungua ulimi bi harusi: wazee wa upande wa mume humwomba maji, humsemesha, humpa zawadi, mpaka atoe neno la kwanza. Toka hapo anaruhusiwa kuongea nao.

Vijana wa msikiti mpya wameanza kufupisha haya. Nikahi, chakula, basi, bila muziki wala akodioni. Mabibi wanasikitika, maana harusi bila ngoma kwao ni kama msiba uliopambwa.

Kuna pia upande mchungu. Kumteka msichana na kumgeuza mke kwa nguvu kulikuwepo, na ndoa za mapema pia. Baraza la Wanawake Wazee, lililoundwa mwaka 2011, limelipinga hilo waziwazi, na huingilia ugomvi wa ndoa na urithi ambao zamani uliamuliwa na wanaume peke yao.

Adabu za nyumbani ni zipi?

Nyingi, na mgeni hazioni mpaka azikosee. Mzee akiingia, wote husimama, hata kama ametoka nje dakika tano zilizopita. Mwanamume habebi mtoto wake wala kumbembeleza mbele ya baba yake mzazi. Mke hawaiti mashemeji na wakwe kwa majina yao, huwatungia majina mengine ya heshima, na anaweza kuishi miaka arobaini bila kulitamka jina la mavyaa wake.

Ukiona kijana hamsemeshi mkewe barabarani usidhani wamegombana.

Ni kweli bado kuna kisasi cha damu?

Kipo kama sheria inayojulikana, na ndiyo sababu hakitokei mara kwa mara. Kila mtu anajua kwamba kuua kunauingiza ukoo mzima kwenye deni, kwa hiyo watu wazima hukimbia kuzuia ugomvi kabla haujafika huko. Mauaji yakitokea, hata kama ni ajali ya gari, wazee huanza kazi ya kwenda na kurudi kati ya koo mbili. Upande uliokosa hukaa mbali, haujitokezi sokoni wala harusini, mpaka upande wa pili ukubali suluhu. Siku ya suluhu wanaume husimama kwa safu pande mbili, na msamaha hutolewa hadharani.

Polisi wa Georgia wanaweza kumkamata na kumfunga muuaji, lakini kwa mila kifungo hakimalizi deni. Ndiyo maana mtu aliyemaliza miaka yake jela bado anaweza kuhitaji wazee wamtafutie msamaha. Sheria tatu basi: ya mila, ya dini na ya serikali. Msalafi hudai ya pili iwe juu ya ya kwanza, serikali hudai ya tatu iwe juu ya zote, na wazee huchukua kila moja pale inapowafaa.

Mila moja imeenea Kaukazi nzima na Pankisi inayo: wanaume wakishikana visu, mwanamke akivua kilemba chake na kukitupa katikati yao, lazima waache. Kuendelea ni kumdhalilisha yeye, na aibu hiyo hakuna ukoo unaoitaka.

Msiba hufanywaje?

Maziko hufanyika haraka, kama ilivyo kwa Waislamu kote. Matanga huitwa tezet. Wanaume hukaa uani kwenye mabenchi, wazee mbele, na kila kundi linalofika husimama, dua ikaombwa mikono imeinuliwa, kisha kimya. Wanawake hukaa ndani. Kaburini wanakwenda wanaume tu. Katika familia za tarika zikri hufanywa, na kwa aliyekuwa mwanachama wa duara la wanawake, wenzake ndio wanaoiongoza.

Wanaishi kwa kazi gani?

Ng'ombe, mahindi, maharage, matunda, asali. Kiangazi wengine hupeleka mifugo malisho ya juu. Ajira rasmi ni chache: shule, ofisi ya kata, polisi. Zamani za Kisovieti wanaume wengi walifanya kazi Chechnya, na vita vikaifunga njia hiyo. Leo pesa nyingi hutoka kwa jamaa walio Uturuki na Ulaya, na katika miaka ya karibuni kutoka nyumba za wageni, ambazo karibu zote zinaendeshwa na akina mama. Wanapika, wanakodisha farasi, wanafundisha kutengeneza mazulia ya manyoya ya kondoo yaliyogandamizwa.

Si ndilo lile bonde la magaidi?

Ndilo lile bonde lililopewa jina hilo, na jina likaganda. Kati ya 1999 na 2002 miongoni mwa wakimbizi waliingia pia wapiganaji wa Chechnya, wahalifu wa utekaji nyara wakatumia mwanya, na serikali ya Georgia ya wakati huo ilikuwa dhaifu. Mwaka 2002 Marekani ilipeleka wakufunzi kulifunza jeshi la Georgia, Pankisi ikiwa sababu iliyotajwa. Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, akaitaja mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa katika hotuba yake kuhusu Iraki. Miaka kumi baadaye, vijana kadhaa wa bonde walikwenda Syria. Maarufu kuliko wote, Tarkhan Batirashvili, alizaliwa Birkiani kwa baba Mkristo na mama Mkisti, akatumikia jeshi la Georgia, kisha akawa kamanda wa Dola la Kiislamu mpaka alipouawa mwaka 2016. Hayo yote ni kweli na hakuna haja ya kuyaficha.

Ila yako mengine. Desemba 2017 kijana wa miaka 19, Temirlan Machalikashvili, alipigwa risasi na askari wa operesheni maalumu akiwa chumbani kwake Duisi, akafariki Januari. Baba yake aliandamana Tbilisi akidai ukweli, na mwaka 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaona kwamba uchunguzi haukufanywa ipasavyo. Aprili 2019 wanakijiji walipambana na polisi wa kutuliza ghasia huko Birkiani, watu wa pande zote mbili wakaumia, na chanzo hakikuwa dini hata kidogo: walikuwa wanapinga mradi wa umeme wa maji kwenye mto wao. Vyombo vya habari vilivyozoea kuandika "Pankisi" na "ugaidi" kwenye mstari mmoja vilihangaika kuieleza habari ya wanakijiji wanaotaka maji yao.

Kwa mgeni wa kawaida leo bonde ni tulivu.

Majirani zao ni akina nani?

Hapa Kakheti inachekesha. Ng'ambo ya mto, Zemo Alvani, wanaishi Wabatsbi. Lugha yao ni ndugu wa Kichecheni, lakini wao ni Wakristo wa Kiorthodoksi na wanajihesabu Wageorgia kabisa. Lugha imebaki kwa wazee, watoto hawaiongei, na sidhani itavuka kizazi kijacho. Wakisti, waliokuja baadaye na kubaki na dini tofauti, wameitunza ya kwao.

Watushi, Wageorgia wa mlima wa jirani, ni Wakristo lakini hawaruhusu nguruwe kupandishwa Tusheti, na madhabahu zao za mawe wanawake hawasogelei. Ukimweka Mtushi na Mkisti mezani, mwenye kukataa nguruwe kwa ukali zaidi huenda akawa Mkristo.

Mbele kidogo, wilaya ya Kvareli, kuna vijiji vitatu vya Waavari Waislamu na kijiji cha Zinobiani cha Waudi, Wakristo waliohamia mwaka 1922 kutoka mji ambao leo uko Azerbaijan. Waosetia walikuwepo Pankisi pia. Wengi waliondoka mwishoni mwa miaka ya 1990, hofu na uhalifu vilipozidi, na wachache ndio waliorudi.

Naweza kwenda kuwatembelea?

Ndiyo. Kutoka Tbilisi kuna daladala, zinazoitwa marshrutka, hadi Duisi kupitia Akhmeta, safari ya saa tatu hivi. Fika Alhamisi ulale, ili Ijumaa adhuhuri uwe Duisi. Nyumba za wageni ziko zaidi Jokolo na Duisi. Bei ya kulala mara nyingi ni pamoja na chakula, na malipo ni kwa lari, fedha ya Georgia, taslimu. Wanawake wabebe mtandio, wanaume wasivae kaptula. Usiingie na pombe. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na wakati wa zikri weka simu mfukoni mpaka uambiwe. Ukitaka kupanda farasi kuelekea Batsara, njoo kati ya Juni na Septemba, na mwambie mwenyeji wako mapema, kwa sababu farasi huwa wako malishoni na kuwashusha huchukua muda.